Charley Pride, tuanze na namba kwanza

Kila nikikuta mtu anamwelezea Charley Pride naona sentensi ni ile ile, "mwimbaji mweusi wa country", basi, stori imeisha. Inaniuma kwa kweli. Sio kwamba ni uongo, jamaa alikuwa mweusi na aliimba country, lakini ukiishia hapo umemfanya aonekane kama kioja fulani kilichopita watu wakageuka kuangalia, wakati huyu ni mtu aliyeweka nyimbo 29 namba moja kwenye chati ya country ya Billboard, jarida la Marekani linalopanga nyimbo kwa umaarufu. Ishirini na tisa jamani. Na nyimbo 52 ziliingia kumi bora. Kuna mastaa wakubwa tu ambao ukijumlisha maisha yao yote ya muziki hawafiki nusu ya hapo, na hao hakuna anayewaelezea kwa rangi.

Kwahiyo leo nataka nimwandike kwa mpangilio ninaoona mimi ni wa haki, kazi kwanza, alafu tuzo, alafu hilo la rangi liingie pale linapoingia lenyewe, maana linaingia tu, huwezi kulikwepa, Marekani ya miaka ya 60 haikuwa inamruhusu mtu alikwepe.

Na hata hilo la "wa kwanza" lenyewe watu wanalisema kiholela. Hakuwa mweusi wa kwanza kwenye country. DeFord Bailey alikuwa anapiga harmonika kwenye Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville, tangu miaka ya 20, alikuwa ni mmoja wa watu waliopendwa sana pale, na mwaka 1941 wakamuachisha. Country yenyewe ina damu ya watu weusi toka mwanzo, banjo asili yake ni Afrika. Alichofanya Pride ni kitu kingine, na mimi naona ni kikubwa zaidi ya kuwa wa kwanza: alikaa kileleni. Alikaa pale miaka karibu 15, singo juu ya singo, mpaka ikawa kawaida tu kumsikia redioni.

Sasa alikotoka. Alizaliwa tarehe 18 Machi 1934 kijiji cha Sledge, Mississippi, kwenye familia ya watoto 11, wazazi wake wakilima pamba kwenye shamba la mtu kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na watoto wote walichuma pamba. Baba yake alitaka aitwe Charl, aliyeandika cheti akakosea ikawa Charley, ikabaki hivyo mpaka kaburini. Huyo mzee alikuwa na redio aina ya Philco na Jumamosi usiku alikuwa anatafuta Grand Ole Opry, ndo mtoto akakua anasikia Hank Williams, Roy Acuff, Ernest Tubb, anaigiza sauti zao. Akiwa na miaka 14 akapata gitaa lake la kwanza, Silvertone la Sears, akajifunza mwenyewe kwa kusikiliza.

Ila ndoto yake haikuwa muziki, ilikuwa besiboli. Hii watu wengi wanaipita haraka na mimi sitaki niipite, kwasababu ukimuelewa Pride mcheza besiboli unamuelewa na Pride wa stejini. Alikuwa mrushaji, kijana wa Memphis Red Sox kwenye ligi ya watu weusi, na Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alikuwa ameshafungua mlango wa ligi kuu mwaka 1947 na kila kijana mweusi mwenye mkono mzuri alikuwa anaona na yeye atapita. Alizunguka timu mbalimbali, akaumia mkono, na kuna wakati timu yake ya Louisville ikamuuza yeye na mwenzake mmoja kwa Birmingham Black Barons, unajua malipo yalikuwa nini? Basi la timu. Tena basi lililotumika. Mwenyewe alikuwa anaisimulia hii bila uchungu, anasema labda wao ndo wachezaji pekee kwenye historia waliobadilishwa na gari kuukuu. Mimi nikiisoma najiuliza huyu mtu alikuwa na moyo wa aina gani, maana wengine tungeacha siku hiyo hiyo.

Hakuacha. Akaenda jeshini mwaka 1956, mwaka huo huo akamuoa Rozene, mwanamke ambaye alikaa naye mpaka kufa kwake, akatoka jeshini akaendelea kutafuta timu. Mwaka 1960 akafika Montana kujaribu timu ya Missoula, ikamkata baada ya siku chache. Badala ya kurudi kusini akabaki huko huko kwenye baridi, akapata kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini East Helena, na kiwanda kilikuwa na timu yake, Smelterites. Mchana yupo kwenye tanuru, jioni yupo uwanjani. Alafu yule meneja wa timu akagundua kijana anaimba, akamwambia awe anaimba kama robo saa kabla ya mechi, dola 10 kwa kucheza na dola 10 nyingine kwa kuimba, maana watu walikuwa wanaongezeka uwanjani. Ebu fikiria hapo, mshahara wake wa kwanza wa muziki wa maana unatoka kwa mashabiki wa besiboli waliokuja kuangalia mechi, hawakuja kumsikiliza yeye. Ndo alipojifunza kumkamata mtu ambaye hajakununulia tiketi. Alikuwa anaimba pia kwenye vilabu vya usiku vya Helena na miji ya jirani, anamaliza shoo usiku, asubuhi zamu kiwandani.

Mwaka 1962 waimbaji Red Foley na Red Sovine walikuwa wanapita Montana kwenye ziara, wakamsikia, Sovine akamwambia aende Nashville, mji ambao ndo makao ya biashara ya country. Hakwenda haraka. Alikuwa bado anaisaka ligi kuu, akaenda mpaka kambi ya New York Mets kule Florida kuomba nafasi ya kujaribiwa, wakamkatalia hata kumuangalia akirusha. Akapanda basi kurudi nyumbani, na njiani akapitia Nashville, akaingia kwenye ofisi za wachapishaji wa muziki akaimba. Akakutana na Jack Johnson, ambaye akawa meneja wake. Yaani Mets walivyomfukuza ndo wakaupa muziki wa country mtu wake.

Nashville ikachukua muda. Johnson akazunguka na kanda, kila mtu anaipenda sauti, akitoa picha mambo yanabadilika. Mpaka 1965 prodyuza Jack Clement akakubali kumrekodi, na Clement akampelekea Chet Atkins, ambaye ndo alikuwa bosi wa lebo ya RCA pale Nashville na mwenyewe ni mpiga gitaa hatari. Atkins akaipeleka ile kanda kwa wakubwa wa RCA, wakaisikiliza, wakaipenda, wakasema huyu tunamchukua, alafu ndo akawaambia ni mweusi. Kimya kidogo. Wakakubaliana wasiseme chochote, waitoe tu.

Hapa inabidi ujue biashara ilivyokuwa inaenda. Country ya wakati ule ilikuwa inaamuliwa na madijei wa redio, vituo vingi vidogo vidogo vya kusini, dijei akiipenda singo yako inapigwa, asipoipenda umekwisha, hakuna njia nyingine ya mtu kukusikia. Na lebo ikituma singo kwa kawaida ilikuwa inaambatanisha picha na maelezo ya msanii. Singo za mwanzo za Pride zilikwenda bila picha. Jina limeandikwa "Country Charley Pride" ili kusiwe na wasiwasi huyu anaimba nini. Singo ya kwanza ilikuwa "The Snakes Crawl at Night", Januari 1966, haikufika mbali. Ya tatu, "Just Between You and Me", aliyoiandika Clement, ikaingia kumi bora mwanzoni mwa 1967 na hapo hakuna kurudi nyuma tena.

Watu wanaisimulia hii ya picha kama ujanja mtamu, mimi siioni tamu. Ni kitu cha kusikitisha kwamba ilibidi. Lakini ina upande mmoja ambao naupenda: inathibitisha kwamba zile hiti za mwanzo hakuna aliyempa kwa huruma wala kwa udadisi. Wasikilizaji hawakujua. Dijei hakujua. Kilichopita ni sauti peke yake.

Sasa siku ikafika ya wao kujua. Mwaka 1966, Detroit, ukumbi wa Olympia, watu kama elfu 10, shoo kubwa yake ya kwanza. Mtangazaji anasema jina, na wanampigia makofi maana wimbo wameshausikia redioni, makofi mengi kabisa, alafu anatoka kwenye mwanga, na yale makofi yanakatika. Alikuwa anaeleza kwamba yalishuka taratibu mpaka ukumbi ukawa kimya, ile ya elfu 10 kunyamaza kwa pamoja. Anatembea mpaka kwenye maiki na gitaa lake. Angeweza kuanza kuimba tu akijifanya hajaona. Hakufanya hivyo, akawaambia anajua ni kitu cha kipekee yeye kutoka pale kwenye shoo ya country akiwa na hii rangi ya jua isiyotoka, na watu wakacheka, wakapiga makofi tena, akaanza kuimba. Mwisho wa shoo walikuwa wanamzunguka wanataka saini yake.

Mimi hapo namuona yule wa Smelterites kabisa. Robo saa kabla ya mechi, watu hawajakuja kwa ajili yako, wakamate.

Ukitaka kumsikia akifanya hiyo kazi, tafuta albamu ya laivu iliyorekodiwa mwaka 1968 ukumbi wa Panther Hall, Fort Worth, Texas, inaitwa In Person. Hii ndo naiona albamu yake bora na sibishani na mtu. Bendi imejaa, gitaa la stili linalia, jamaa anaongea na watu kati ya nyimbo kwa utulivu kama yuko sebuleni kwake, alafu anapiga "Kaw-Liga" ya Hank Williams na wanapagawa. Sikiliza "Lovesick Blues" humo, ile ya kuvunja sauti kutoka chini kwenda juu, ni kitu ambacho mwimbaji akikosea kidogo tu anachekesha, yeye anaiachia kama maji na ukumbi mzima unapiga kelele. Hao ni Wateksas wa 1968, mwaka ambao Martin Luther King ameuawa. Sitaki kusema muziki ulimaliza chochote, haukumaliza, lakini zile kelele zipo kwenye rekodi, huwezi kuzikana.

Agosti 1969 ndo akapata namba moja ya kwanza, "All I Have to Offer You (Is Me)". Na ukiangalia chati kuanzia hapo ni kama mtu amefungua bomba. Singo sita mfululizo namba moja kuanzia hiyo mpaka 1971, ikiwemo "Is Anybody Goin' to San Antone" ya mwaka 1970 ambayo ukiisikia asubuhi inakaa kichwani mpaka usiku. Miaka ya 70 pale RCA aliyekuwa anauza kuliko yeye ni Elvis Presley tu. Nairudia, Elvis, mwenye lebo moja na yeye.

Oktoba 1971 ndo kile ninachokiona mimi kama kilele cha heshima zote alizopata. Tuzo za CMA, chama cha muziki wa country, usiku mmoja akachukua Mwimbaji Bora wa Kiume na pia Entertainer of the Year, ile tuzo kubwa kuliko zote za usiku ule. Na uelewe wanaopiga kura za CMA sio mashabiki wanaotuma meseji, ni wanachama wenyewe walio kwenye hiyo biashara, waimbaji, wapigaji, maprodyuza, watu wa redio, walewale ambao miaka 6 nyuma walikuwa wanaipenda kanda na kuirudisha wakiona picha. Hao ndo waliompigia kura. Mwaka uliofuata, 1972, akachukua tena Mwimbaji Bora wa Kiume, na Entertainer akachukua Loretta Lynn, mwanamke wa kwanza kuipata. Miaka miwili mfululizo, mtoto wa wachuma pamba wa Mississippi alafu binti wa mchimba makaa wa Kentucky. Naipenda hiyo kuliko kitu chochote kwenye orodha ya washindi wa CMA.

Loretta mwenyewe amesimulia kwamba alipotakiwa kumkabidhi Pride tuzo jukwaani aliambiwa akishinda huyu usimkumbatie, piga hatua nyuma umpe tu. Akamkumbatia na kumbusu mbele ya kamera. Huyo mama Mungu amrehemu.

Na mpaka leo naandika hapa hakuna mweusi mwingine aliyepata Entertainer of the Year ya CMA. Darius Rucker, mwimbaji mweusi, alipata ya msanii mpya 2009, ndo ikawa habari kubwa. Zaidi ya miaka 50 hiyo. Sasa ukisikia mtu anasema Pride alifungua mlango, muulize ni nani wamepita, maana mimi naona alipita yeye na mlango ukarudishiwa taratibu nyuma yake.

Mwezi huo huo wa Oktoba 1971 ikatoka "Kiss an Angel Good Mornin'", aliyoiandika Ben Peters. Wiki tano namba moja country, na ikavuka mpaka chati ya pop ikafika 21. Ni wimbo mwepesi ukiutazama, jamaa anakutana na marafiki wa zamani mtaani, wanashangaa mbona muda wote ana furaha, na jibu lake ndo kiitikio, siri ni mke wake na anavyoondoka nyumbani asubuhi na anavyorudi. Dakika mbili tu na kidogo. Kilichoubeba ni namna anavyotamka, ana baritoni nzito safi, kila neno unalisikia, halazimishi hisia wala halii, anaimba kama mtu anayekupa taarifa ya kweli. Waimbaji wengi wa country ukiwasikiliza unaona wanaigiza huzuni au furaha. Pride haigizi. Nadhani ndo maana dijei wa Alabama asiyemjua sura aliamini.

Grammy nazo zina kituko chake. Mbili za kwanza, zile za 1972, hazikuwa za country, zilikuwa za injili, zote zimetoka kwenye albamu yake Did You Think to Pray ya 1971. Mwaka uliofuata ndo akapata ya country, uimbaji bora wa kiume, kwa albamu ya Charley Pride Sings Heart Songs, humo ndo "Kiss an Angel" ilipokaa. Ile ya injili watu wanaisahau sana, na mimi naiweka juu, ukiisikiliza unasikia mtoto aliyekulia kanisani Mississippi, hana papara. Alafu mwaka 2017 wakampa Grammy ya heshima ya maisha yote.

Januari 1974 aliimba wimbo wa taifa kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, Houston. Hii naitaja tu kwa kupita, ila kwa wanaojua Wamarekani na Super Bowl yao wanaelewa hawampi mtu yeyote yule.

Na sasa Belfast. Hakuna kikombe wala cheti kwenye hii, ila mimi nikiambiwa nipange heshima zake, naiweka ya pili baada ya 1971, juu ya nyota ya Hollywood, juu ya Grammy zote. Ireland Kaskazini ilikuwa katikati ya machafuko, mabomu, Wakatoliki na Waprotestanti wanauana, na Julai 1975 wanamuziki wa bendi ya Miami Showband walisimamishwa barabarani usiku wakitoka kupiga shoo, watatu wakauawa. Baada ya hapo hakuna msanii wa nje aliyetaka kukanyaga. Promota Jim Aiken akamfuata Pride mpaka Marekani kumuomba. Na Pride akaenda, Novemba 1976, akapiga Ritz Cinema mjini Belfast, pande zote mbili zimekaa humo humo ndani. Ana wimbo unaitwa "Crystal Chandeliers", kule kwao Marekani haujawahi hata kutolewa kama singo, ila Ireland ukawa kama wimbo wa watu wote, huyu na yule wanauimba. Baada yake wasanii wengine wakaanza kurudi. Mtu aliyekulia kwenye ubaguzi wa Mississippi ndo akawa tayari kuingia mji ambao wenzake wote wanaukimbia, mimi siioni kama bahati mbaya, alikuwa anajua maana ya kusimama mbele ya ukumbi uliogawanyika, ameifanya tangu Detroit.

Namba moja ya mwisho ilikuwa "Night Games", 1983, ya 29 hiyo. Kufika 1986 akaachana na RCA, redio zilikuwa zinakimbilia vijana na lebo ilikuwa inaweka nguvu huko, akaendelea kurekodi kwingine na kupiga shoo tu.

Baada ya hapo heshima zikaanza kuja, na hapa nina manung'uniko yangu. Alipanda jukwaa la Grand Ole Opry kwa mara ya kwanza Januari 1967, akakaribishwa na Ernest Tubb, yule yule aliyekuwa anamsikia kwenye redio ya baba yake. Mwanachama rasmi akawa Mei 1993. Miaka 26 imepita hapo. Nyota ya Hollywood, 1999. Country Music Hall of Fame, ile orodha ya magwiji wa country, 2000, mweusi wa kwanza kuingizwa, wakati hiti zake zilikuwa zimeshatimia miaka 17 nyuma yake. Na DeFord Bailey akaingizwa 2005, ameshakufa tangu 1982. Sijui wanaokaa kwenye hizo kamati huwa wanasubiri nini. Namba zilikuwepo, hazikuongezeka hata moja kati ya 1983 na 2000.

Ila kuna kitu kizuri kwenye mwaka 2000, walioingizwa Hall of Fame mwaka ule walikuwa wawili, Pride na Faron Young. Faron Young, mwimbaji mzungu wa country, alikuwa na sifa ya mdomo mchafu, na Pride alipokuwa mpya watu walimwonya kwamba ukikubalika na huyo umekubalika na wote, ila usitegemee. Wakakutana, wakaanza kupokezana nyimbo, huyu anaimba moja yule anajibu, na toka hapo wakawa marafiki wa kweli, mpaka Young akawa anamtetea kwa madijei waliosita kumpiga. Young alifariki 1996, hakuiona siku hiyo, lakini majina yao yameingia pamoja.

Na besiboli ikamrudia jamani. Mwaka 2008 timu za ligi kuu zilifanya tukio la kuwaheshimu wachezaji waliobaki wa zile ligi za watu weusi, kila timu ikachagua mmoja, Texas Rangers wakamchagua Pride, akiwa na miaka 74, ndo akaitwa ligi kuu mwishowe. Alikuwa akiishi Dallas tangu 1969 na kila mwaka alikuwa anaenda kambi ya Rangers kufanya mazoezi nao na kuwaimbia. Na 2010 akawa miongoni mwa kundi lililonunua timu yenyewe, pamoja na Nolan Ryan, mrushaji mstaafu maarufu. Mwaka huo huo Rangers wakaingia World Series, fainali ya ligi kuu, kwa mara yao ya kwanza. Aliyebadilishwa na basi kuukuu sasa ana hisa. Hii ukiniambia nichague kati yake na Hall of Fame ni ipi ilimfurahisha zaidi, nina uhakika mkubwa ni hii.

Novemba 11, 2020, CMA wakampa tuzo ya maisha yote yenye jina la Willie Nelson, akapanda jukwaani Nashville akaimba "Kiss an Angel" na Jimmie Allen, kijana mweusi wa country wa kizazi kipya ambaye alikuwa anashindwa kuficha furaha yake. Ana miaka 86 na ile sauti bado ipo, imepungua upepo ila utamkaji ni ule ule. Tarehe 12 Desemba akafariki Dallas kwa Covid.

Kwa ambaye hajawahi kumsikiliza usianze na zile albamu za mkusanyiko wa hiti, zinamfanya aonekane mtu wa nyimbo laini tu. Anza na In Person yote bila kuruka maongezi, maana nusu ya kipaji kiko kwenye maongezi. Alafu Did You Think to Pray ukiwa umetulia. Baada ya hapo ndo singo, "Is Anybody Goin' to San Antone", "All I Have to Offer You", "Mountain of Love" ya 1982 uone alivyokuwa bado mkali baada ya miaka yote hiyo. "Just Between You and Me" iache ya mwisho, na ukiisikiliza jiweke kwenye nafasi ya yule dijei wa 1966, bahasha imefika bila picha, unaiweka santuri kwenye mashine, ujiulize kama kuna hata sekunde moja humo ya kukufanya usiipige.